Aliyenifikisha Embakasi Kabla ya Jogoo

Mimi si mtu wa kutunga. Waliofanya kazi nami wodini watakuambia: nikiandika kwamba mgonjwa alilala saa nne na dakika kumi, basi alilala saa nne na dakika kumi. Kwa hiyo ninapokuambia kwamba niliwahi kutoka Kawangware mpaka Embakasi kwa miguu, usiku, na sanduku kichwani, na kwamba maharagwe ambayo ungeinjika nikitoka yasingekuwa yameiva nikifika, usinitazame hivyo. Kaa vizuri unisikilize. Nilikuwa na akili zangu timamu, na sikuwa nimeonja hata pombe ya busaa.

Ilikuwa miaka ya sabini, kabla ya kiwanja kipya cha ndege kufunguliwa, ndege zingali zikirukia Embakasi. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nikikaa na kaka yangu Zakayo kwenye chumba kimoja Kawangware, upande wa kituo cha basi cha 56. Ploti yetu ilikuwa na vyumba kumi na viwili vinavyotazamana, kamba za nguo katikati na bomba moja linalotoa maji likipenda. Karibu sote tulikuwa Waluhya na Wajaluo, watu wa magharibi, na tulikuwa tumekuja mjini na kila kitu chetu: nyimbo zetu, mboga zetu na wachawi wetu.

Asubuhi hiyo ninayokusimulia nilikuwa nisafiri kwenda Uingereza kusomea unesi. Nilikuwa nimeomba mara tatu. Mama yangu alifariki nikiwa darasa la tano, uchungu wa kuzaa umemshika, amekalishwa kwenye baiskeli kwenda zahanati yenye nesi mmoja, na siku hiyo nesi mwenyewe alikuwa kitandani na malaria. Mimi nilikuwa nyuma ya baiskeli nasukuma, na magari ya watu wenye haraka zao yakitupita. Nadhani unaelewa sasa kwa nini niliomba mara tatu, na ningeomba hata ya kumi.

Barua ilikuwa na masharti. Niwe kiwanjani saa kumi na moja alfajiri, na atakayechelewa nafasi yake anapewa msichana wa akiba, ambaye naye ameambiwa aje na sanduku lake. Huyo msichana wa akiba nilimjua, tulifanya naye usaili. Unajua alikuwa anakaa wapi? Embakasi! Angeweza kuja huku anapiga mswaki. Na mimi niko Kawangware, upande wa pili kabisa wa mji, hakuna gari hata moja linalotembea kabla ya mapambazuko.

Lakini nilikuwa nimejipanga. Shemeji yangu Habili, mume wa dada yangu, alikuwa dereva wa gari la mikate. Aliahidi kunipitia saa nane na nusu za usiku, anifikishe kwanza, ndipo asambaze mikate yake. Habili ni mtu wa ahadi, na alikuja kweli. Mambo yaliharibika kwa sababu nyingine.

Majuma matatu nyuma, ploti yetu ilikuwa imeingiliwa na mkimbia usiku. Labda wewe umezaliwa mjini, hujui. Mkimbia usiku si mwizi wala si muuaji. Ni mtu kama wewe, ana shamba, ana watoto, anaimba kanisani. Lakini usiku kitu kinamwamsha, anavua nguo zote na kutoka mbio. Anarusha mchanga juu ya mabati, anasugua mgongo na makalio kwenye milango ya watu, anacheka, anakwenda zake. Asipokimbia anaugua. Wajaluo humwita jajuok. Sisi tuna jina letu, nalo silitaji saa hizi.

Tulifanya kikao. Aliyekiongoza alikuwa Mama Rael, jirani yangu wa chumba cha tatu. Mama Rael si jina lake, na sababu ya kulibadilisha utaiona mwenyewe. Alikuwa mama wa makamo, mnene wa heshima, kiongozi wa maombi ya akina mama, mtu ambaye ukipita mbele yake unajishika kitambaa kichwani uone kama kimekaa sawa. Mumewe, Baba Rael, alikuwa fundi wa viatu, na alikuwa na jambo moja tu la kujisifia duniani: usingizi. "Tangu nioe huyu mama," alikuwa akisema, "hata nyumba iungue mimi sisikii." Tulicheka naye sana.

Mama Rael ndiye aliyetoa shauri. Usiku asifungue mtu mlango. Anayebisha bila kutaja jina asiitikiwe. Na mkimbia usiku akisikika, kila mtu apige sufuria, mabati, chochote, mpaka akimbie. Tulisema ndiyo kwa sauti moja, na tukamshukuru kwa busara.

Jioni ya safari walikuja chumbani kuniombea. Zakayo alikuwa askari wa usiku huko Lavington, kwa hiyo aliniaga, akanikumbatia haraka asije akalia mbele ya watu, akaenda kazini na rungu lake. Mama Rael aliomba maombi marefu mpaka taa ikaanza kutoa moshi. Alimwambia Mungu, huku ameshika mkono wangu, asilale mpaka mtoto huyu afike salama. Tukasema amina.

Sasa sikia kilichotokea. Saa nane na nusu Habili aliacha gari barabarani, kwa kuwa kichochoro chetu kilikuwa chembamba, akaja kwa miguu. Hakupiga honi, asiamshe watu. Akagonga mabati ya chumba changu polepole. Na kwa kuwa naye ni mtu wa kwetu, na dada yangu alishamwambia habari za mkimbia usiku, hakuthubutu kutaja jina lake usiku wala kuita langu. Mtu haachi jina lake likielea gizani ambako kitu kama hicho kinazunguka. Akasema tu, "Fungua. Ni mimi."

Ni mimi! Unajua nani husema "ni mimi" usiku bila kutaja jina? Mimi nilijua. Nilikuwa nimevaa tayari, nimekaa juu ya sanduku, nasubiri gari. Nami, mtu wa kusafiri, mtu wa Uingereza, nikashika sufuria na mwiko nikapiga kwa nguvu zangu zote. Ploti nzima ikaamka. Sufuria, ndoo, mabati, makelele! Mtu akarusha jiwe. Nikasikia miguu ikikimbia, nikafurahi. Haki ya Mungu, nilifurahi. Kisha nikasikia, mbali huko barabarani, gari la mikate likiwashwa na kuondoka.

Sufuria ikaniponyoka mkononi. Nilikuwa nimemfukuza shemeji yangu mwenyewe.

Nilitoka mpaka barabarani nikiita jina lake, sasa bila kujali nani ananisikia. Taa nyekundu za gari zilikuwa zimeshapinda kona. Nikarudi chumbani, nikafunga komeo, nikalia kilio cha mtu aliyejitia mwenyewe shimoni. Nilimwona mama kwenye ile baiskeli. Nilimwona yule msichana wa Embakasi akichana nywele zake bila haraka. Saa ya Zakayo ilikuwa juu ya meza inaelekea saa tisa, na kutembea mpaka kule, na sanduku, ni zaidi ya saa tano hata kama wahuni hawajaniona.

Ndipo ploti ikanyamaza. Si kunyamaza kwa watu waliorudi kulala. Hata mtoto wa chumba cha tano, aliyekuwa na kifaduro, hakukohoa. Mchanga ukamwagika juu ya mabati yangu, shaaa. Kisha kitu kikaanza kusugua mlango.

Ungefanya nini? Mtu mwenye akili angejifunika blanketi. Mimi akili yangu ilikuwa kwenye gari la mikate. Nilisema moyoni, ni Habili amerudi, anapapasa mlango gizani. Nikavuta komeo na kufungua mlango mara moja, kwa nguvu. Na mlango wetu ulifunguka kwa ndani.

Mtu akaanguka chali ndani ya chumba changu, puu, juu ya sanduku langu. Alikuwa uchi wa mnyama, mwili umepakwa majivu, na mkononi ana mchanga. Taa ya chemni ilikuwa inawaka. Nikamwona uso. Nikafungua kinywa. "Ma—"

Akarukia mdomo wangu na kuuziba kwa kiganja. "Nyamaza! Usiseme jina yangu! Ukisema jina yangu usiku umeniua!"

Alikuwa Mama Rael. Kiongozi wetu wa maombi, mwenyekiti wa kikao. Ndipo nikaelewa kwa nini alikuwa ametaka sana asifungue mtu mlango.

Nyanya yangu alikuwa ametufundisha mambo mawili kuhusu watu hawa. La kwanza, ukimtaja jina wakati anakimbia, hamalizi mwaka. La pili, ukimkamata, usimwachilie mkono, maana kabla ya jogoo kuwika atakupa chochote utakachomwomba. Sikumtaja. Lakini mkono wake niliukamata kama mtu anayekamata kuku wa Krismasi, na kwa mkono wa pili nikamtupia leso yangu ya manjano. Wanasema mficha uchi hazai, lakini kuna uchi wa mtu mzima ambao mtoto hapaswi kuuona.

Akaanza kulia. "Mtoto wangu, niachilie. Hii kitu si kupenda kwangu, nilipewa na nyanya yangu. Nitakupa kuku zangu zote. Nitakupa ile kitenge ya Kisumu."

"Sitaki kuku, Mama. Nataka kufika Embakasi kabla ya saa kumi na moja."

Akaacha kulia akanikodolea macho. "Embakasi? Kwani unafikiri mimi ni basi? Mimi hufika Riruta na kurudi. Siku nikisikia mwili iko sawa nafika Dagoretti Corner."

"Jioni uliomba nifike salama," nikamwambia. "Ulimwambia Mungu asilale. Ile amina ilikuwa ya nini?"

Nikaona aibu ikimpanda usoni kupita hata ile ya kukutwa uchi. Akajifuta machozi kwa ncha ya leso, akanitazama kwa yale macho yake ya kikao.

"Sikiliza. Anayekimbia na sisi mara moja, miguu yake inajua njia. Saa tisa ya usiku itakuwa inakuamsha mpaka uzeeni. Si mchezo naongea. Unataka ndege ama unataka usingizi?"

"Nataka ndege," nikasema, na sikumeza hata mate kabla ya kujibu.

"Basi vua viatu. Weka sanduku kichwa. Kamata mkono yangu. Usiongee. Usiangalie nyuma."

Alinirudishia leso, akasema nguo inazuia upepo. Nikauliza kama na mimi nivue. "Wewe si mkimbiaji," akasema, "wewe ni mzigo. Mzigo inaweza kuvaa." Nikazima taa, nikasukuma viatu vyangu vya kisigino ndani ya mifuko ya koti nililovaa.

Niamini au usiniamini. Hatua ya kwanza tulikuwa uani. Ya pili tulikuwa barabarani. Ya tatu sikuihesabu. Yule mama, ambaye mchana alipanda ngazi mbili za kanisa akihema, alikuwa mwepesi mpaka nilihisi nimeshika mkono wa mtoto. Ardhi ilikuwa inatujia yenyewe. Riruta ilipita. Mbwa walitutazama wakashusha masikio, hakubweka hata mmoja. Sanduku langu, ambalo Zakayo alilibeba jana yake akilalamika mgongo, lilikaa kichwani bila uzito wowote. Pale Dagoretti Corner, mwisho wa njia yake ya kila siku, nilihisi mkono wake ukisita. Nikaubana. Akatoa pumzi moja, tukavuka.

Tuliingia Kibera kwa upande wa Makina. Watu walikuwa wamelala, misikiti iko kimya. Mzee mmoja wa Kinubi alikuwa amechutama nje ya nyumba yake na birika, anatawadha kwa sala ya usiku. Aliinua macho akatuona tukija. "Audhubillahi!" Birika likamtoka. Tulimpita upepo wetu ukiondoa kofia yake, na nilitaka kumwomba radhi, lakini nilikuwa nimeambiwa nisiongee.

Kutoka Makina tukashika reli. Hiyo ni njia ninayoijua. Ndiyo iliyotuleta sote mjini kutoka magharibi, na ukiifuata inakupeleka stesheni, halafu Makadara, halafu Embakasi yenyewe. Tulikanyaga mataruma moja baada ya jingine. Ndipo mwanga ukatupiga mgongoni. Gari moshi la mizigo kutoka Kisumu lilikuwa linatujia nyuma, na sisi tuko katikati ya reli.

Mtu mwingine angeruka pembeni. Mama Rael alicheka! Alicheka kicheko cha msichana, akasahau kwamba amekamatwa, akasahau kikao na kanisa, akaongeza mwendo. Dereva wa gari moshi akapiga honi, akapiga tena, akapiga mara ya tatu. Nami, Mungu anisamehe, nilisikia raha ambayo sijawahi kuisikia tangu nizaliwe. Miaka mingapi nilikuwa nimechelewa? Nilichelewa na mama, nilichelewa na barua mbili za kwanza, nilichelewa na gari la mikate. Usiku huo chuma kizima kutoka Kisumu kilikuwa kinanifuata na hakinipati. Tulifika stesheni kabla yake. Tulililaza!

Shida ilianza baada ya Makadara. Jogoo wa kwanza aliwika mahali fulani kwenye nyumba za reli, jogoo mmoja tu asiyejua saa, na uzito wote wa mwili wa Mama Rael ukamrudia. Akaanguka kwenye nyasi kando ya reli, anahema.

"Nimekwisha," akasema. "Embakasi ni hapo mbele. Enda."

Nikatazama mashariki. Palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya majivu. Nikatazama miguu yangu, na hapo ndipo nilipojua kwamba alisema kweli: haikuwa imechoka. Ilikuwa inanivuta yenyewe, ikijua njia, kama ng'ombe anayerudi zizini. Ningeweza kukimbia peke yangu na kufika mapema. Na yeye? Alfajiri ingemkuta mama mzima, mke wa mtu, uchi kando ya reli, wafanyakazi wa zamu ya asubuhi wakipita kwenda viwandani. Wangempiga mawe. Nilijua, maana mimi mwenyewe saa chache nyuma nilikuwa nimepiga sufuria.

Mama yangu aliachwa njiani na watu wenye haraka zao. Sikuweza.

Nikaweka sanduku kichwani, nikamnyooshea mkono. "Kamata mkono wangu, Mama. Usiongee. Usiangalie nyuma."

Na mimi ndiye niliyemvuta. Umenisikia? Mimi, mzigo, nikawa mkimbiaji. Nilimvuta yule mama kama mtu anavyovuta mtoto anayechelewa shule, majani yakitupiga miguuni, majogoo sasa wakijibizana pande zote, mpaka nikaona taa za kiwanja na ua wa waya. Tukaanguka wote wawili nyuma ya kichaka.

Nikafungua sanduku. Nilikuwa na gauni moja jipya, la bluu, nililoshonesha makusudi kwa ajili ya Uingereza. Nikamvika. Mgongoni halikufunga hata kifungo kimoja, tukaficha kwa leso. Nikampaka mafuta kuondoa majivu, nikampa patipati zangu na kitambaa cha kichwa. Alipomaliza kufunga kile kitambaa, Mama Rael wa kanisani alikuwa amerudi kamili, na akanitazama nywele zangu, akasema, "Chana. Watasema sisi hatuna watu."

Saa kubwa ya kiwanjani ilikuwa saa kumi na moja kasoro dakika kumi. Wasichana wengine walikuwa wamejaa na jamaa zao, mama zao, masanduku yao. Yule wa akiba alikuwa kwenye benchi, amevaa glavu nyeupe, na aliponiona alishusha macho. Sikumchukia. Lakini nilipita mbele yake polepole kidogo, sitakudanganya.

Ofisa akaanza kuita majina. Usiku kucha tulikuwa watu wa kutotaja majina na kutoitika. Jina langu likaitwa mbele ya watu wote, jina lote, langu na la baba. Nikaitika, "Nipo!" kwa sauti iliyofanya walinzi wageuke. Nyuma yangu Mama Rael akapiga vigelegele, na akina mama wa wasichana wengine, ambao hawamjui, wakampokea.

Tulikuwa bado tunacheka wakati Habili alipoingia mbio, jasho linamtoka, ana nundu ya jiwe kwenye paji la uso. Alikuwa amekwenda mpaka kituo cha polisi kuomba mtu wa kumsindikiza arudi kwetu, wakamwambia polisi hawashughuliki na wachawi, basi akaja kuomba wanisubiri. Akanitazama mimi, akamtazama Mama Rael.

"Shemeji, mmefikaje? Nani aliwaleta?"

Mama Rael akakunja mikono tumboni. "Ni neema ya Mungu, mwanangu," akasema. "Na pole kwa hiyo jiwe."

Jua lilipochomoza nilipanda ngazi za ndege. Pale juu kwenye roshani ambapo watu husimama kuaga, katikati ya jamaa za wenzangu, kulikuwa na mama mmoja mnene ndani ya gauni la bluu lililombana, anapunga leso ya manjano. Nililia mpaka mhudumu akaniletea maji. Habili alimrudisha nyumbani kwa gari la mikate. Zakayo aliniandikia baadaye kwamba ploti nzima ilimsifu kwa kuamka usiku wa manane kumsindikiza mtoto wa watu, na kwamba Baba Rael hakujua mkewe ametoka mpaka alipokosa chai. Jumapili iliyofuata, akasema Zakayo, mama huyo alisinzia kanisani kwa mara ya kwanza.

Yaliyobaki ni mafupi. Huko Uingereza wauguzi wenzangu walikimbia zamu ya usiku. Mimi niliiomba. Saa tisa ikifika, wao wakiangukia vichwa mezani, macho yangu yalikuwa yanafunguka kama dirisha. Nimepokea watoto wengi saa hiyo, huko na hapa nyumbani, na hakuna mama niliyewahi kumfikia kwa kuchelewa. Mama Rael ameshafariki, na nilikwenda kumzika na leso ile ile, aliyonirudishia niliporudi nyumbani. Aliniruhusu kusema habari hizi akishatangulia, mradi nibadilishe jina. Makina nako nilipita mwaka mmoja, nikamkuta yule mzee amezeeka, anasimulia watu dukani jinsi alivyoona majini wawili wakipita mbio mbele ya nyumba yake, mmoja yuko uchi, mwingine ana sanduku kichwani. "Na amevaa koti!" anasema. "Wallahi!" Watu walimcheka. Nami nikanunua chumvi yangu nikanyamaza.

Sasa nikuonye, maana wewe ni kama mwanangu. Usiku ukisikia mlango wako unasuguliwa, usifungue. Lala. Na kama ni lazima ufungue, kwa sababu una safari na saa zimekwisha, basi jua kabisa unachokitaka kabla ya kushika ule mkono, kwa sababu utakipata, na deni lake ni la maisha. Mimi nililipata langu na silijutii.

Jambo la mwisho, kwa nyinyi wanaume mnaojisifia usingizi. Nimeolewa miaka mingi na mtu mwema sana. Kila asubuhi huamka ananyoosha mikono, anasema tangu anioe halali, anakufa. Huwa ananiuliza jambo moja tu, nikimmiminia chai: huu udongo mwekundu kwenye shuka upande wako unatoka wapi, na mvua haijanyesha wala hujakwenda shamba? Nami humwambia anywe chai kabla haijapoa.